Jinsi Nguchiro Alivyoaga Jiko la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ambazo wanyama walijenga nyumba, wakawasha moto na kualikana chakula kama sisi, Nguchiro mmoja alikuwa mpishi kwa Kiboko. Sogeeni karibu, maana huyu ninayemsimulia ni mdogo, na ukikaa mbali hutamwona.

Kiboko alikuwa bwana wa mto. Nyumba yake ilikaa ukingoni, na chungu cha nyumba hiyo kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Nguchiro hakuweza kukikoroga akiwa amesimama chini. Alipanda juu ya mdomo wa chungu, akashika mwiko mrefu kama kafi, akatembea kukizunguka huku akikoroga: kwata, kwata, kwata. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali na matete machanga, jioni ugali tena. Siku moja aliteleza akatumbukia ndani, chubwi, na kama uji ule usingekuwa umeanza kupoa, hadithi yetu ingeishia hapo.

Miaka mitatu alikoroga. Macho yalimwiva kwa moshi na ncha ya mkia wake iliungua mara mbili. Tuseme haki, Kiboko hakuwahi kumpiga wala kumnyima chakula. Tena mwaka wa mafuriko alimbeba mama yake Nguchiro mgongoni, mama akiwa mgonjwa, akamvusha mpaka kwa mganga na kumrudisha. Lakini mezani alikuwa na tabia ya kuchosha. Kabla hajaonja, alishasema chumvi imezidi. Akishaonja, alisema haitoshi. Na akishamaliza chungu kizima na kulamba kingo, alinyamaza, akageuka, akaenda zake majini. Neno asante halikupata kutoka katika kinywa kile, ingawa kilikuwa na nafasi ya kutosha.

Nguchiro naye alikuwa na lake moyoni. Bibi yake mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na damu ile ilimfuata. Penye kona ya mto palikuwa na udongo mwekundu, laini, unaonata bila kupasuka. Kila aliposhuka kuchota maji, vidole vyake viliuchukua vyenyewe. Alifinyanga vikombe vidogo vya kutosha kunywea ndege, akavianika nyuma ya ghala. Akiwa pale moyo ulitulia. Akirudi jikoni, utulivu ule uliishia mlangoni.

Mtaniuliza, si angeondoka tu? Ndivyo walivyowaza wawili waliomtangulia.

Wa kwanza alikuwa Ngiri. Huyu alitoka kwa hasira siku ya soko, akasimama katikati ya wanyama na kuyamwaga yote: kwamba Kiboko anakula kama mafuriko na anashukuru kama jiwe. Watu walicheka sana. Kesho yake Kiboko alimfungia kivuko, yeye na ukoo wake mzima, wakawa wanazunguka vilima viwili kutafuta maji. Wa pili alikuwa Kanga. Yeye alitoroka asubuhi moja bila kuaga, uji ukaungulia jikoni. Hakuchukua hata punje ya mtama, lakini Kiboko alimtangaza kuwa mwizi kila alikokwenda, na hakuna nyumba iliyompa kazi tena.

Na ile kona yenye udongo mwekundu ilikuwa mali ya Kiboko. Alipenda kulala hapo jua likiwa kali, na bila ruhusa yake hakuna aliyegusa tope lile. Nguchiro angetoka kwa ugomvi, angekuwa ameliacha jiko na kuukosa udongo kwa wakati mmoja.

Kwanza alijaribu njia iliyonyooka. Asubuhi moja alimpelekea Kiboko uji, akapiga magoti, akamweleza kwa adabu kwamba amechoka na kazi ya jikoni na angependa kuomba ruhusa. Kiboko alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alimuuliza nani amemtukana. Hakuna, bwana. Je, kuni ni mbichi? La, ni kavu. Kiboko akafikiri kwa muda mrefu, kisha uso ukamchangamka, akasema sasa ameelewa shida iko wapi. Jioni ile Nguchiro aliletewa zawadi: mwiko mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza.

Nguchiro alikaa juu ya kuni akauangalia mwiko ule, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kisha akaacha kucheka. Alijua sasa kwamba Kiboko hatamwachia kwa sababu ameombwa. Atamwachia siku atakapoona kwamba kumwachia ni fahari yake mwenyewe.

Basi akaanza kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hakusema uongo hata mmoja. Aliuliza maswali tu, moja kwa siku, wakati wa kuandaa chakula.

Siku ya kwanza aliuliza kama ni kweli kwamba Tembo wa ng'ambo ya vilima siku hizi anaitwa Mwalimu. Kiboko na Tembo walikuwa marafiki wa aina ile ambayo kila mmoja hupenda kujua mwenzake amepata nini. Kiboko akaacha kutafuna. Akauliza ameitwa hivyo na nani, na kwa elimu ipi.

Nguchiro akamweleza yaliyokuwa yakijulikana sokoni. Wawili waliowahi kuwa watumishi wa Tembo walikuwa wameondoka kwake vizuri. Mmoja alikuwa mpiga ngoma, mwingine mjenzi wa maghala, na kila walipofanya kazi ikasifiwa, walisema kwamba walijifunzia kwa Tembo.

"Na wanaotoka kwangu mimi," Kiboko akauliza, "wanasemaje?"

Nguchiro aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga mboga. "Waliotoka kwako, bwana mkubwa, mimi nawajua wawili. Ngiri na Kanga."

 Kiboko aliingia majini akazama, na kwa muda mrefu kilichoonekana ni viputo tu, bulu bulu bulu, vikija juu na kupasuka.

Siku ya tatu Kiboko mwenyewe ndiye aliyeuliza. Alijifanya anazungumza jambo la kupitisha wakati tu. Alitaka kujua, hivi mtu afanye nini mpaka watu wamwite mwalimu? Nguchiro akasema yeye ni mpishi na mambo hayo ni makubwa kwake. Kiboko akasisitiza.

"Nimesikia wakubwa wakisema," Nguchiro akajibu taratibu, "kwamba fundi hajulikani kwa mwanafunzi aliyemfungia ndani. Hujulikana kwa yule aliyemfungulia mlango."

Neno lile lilimwingia Kiboko likakaa. Baada ya siku mbili alitangaza kwamba jiko lake, kuanzia sasa, ni chuo. Na kwa kuwa hakuna chuo chenye mtu mmoja, Nguchiro akapendekeza atafutwe mwanafunzi. Jirani yao Nungunungu, mjane asiye na mtu wa kumpikia, alikuwa akisimama kila siku kwenye ua akinusa harufu ya mchuzi na kufumba macho. Huyo ndiye aliyeletwa.

Nungunungu alianza vibaya. Siku ya kwanza miiba yake mitatu ilidondoka kwenye mboga, na mmoja ukakwama kwenye ufizi wa Kiboko. Ngurumo iliyotoka pale iliwarusha bata juu ya mto mzima. Nguchiro alidhani mama wa watu atakimbia. Lakini Nungunungu alijifuta mikono, akajifunga kitambaa mgongoni kuanzia shingoni hadi mkiani, akarudi kwenye chungu kama vile hakuna lililotokea. Alikuwa na kipaji hicho: maneno makali yalimgonga kwenye miiba yakaanguka chini. Kiboko akisema chumvi imezidi, alijibu kwa upole, "Onja kwanza, baba," kisha akaendelea kuimba wimbo wake chini chini.

Mwezi mzima Nguchiro alimfundisha bila kumficha kitu. Alimwonyesha kuni zipi zina moto wa polepole, matete ya sehemu gani hayana uchungu, na dalili za hasira ya Kiboko ya njaa na ile ya jua kali, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Alimwachia hata ile siri yake ya kutia majani machache ya mkwaju kwenye maji ya ugali. Angeweza kufanya nusu nusu aondoke haraka. Lakini alitaka siku atakayokuwa mbali, asikie kwamba jikoni mambo ni mazuri.

Sasa, wanangu, katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja asiyedanganyika. Mke wa Kiboko, Mama Kiboko, alikuwa mkubwa kama mumewe na alizungumza mara chache kama mvua ya kiangazi. Siku moja mchana alimwita Nguchiro nyuma ya ghala. Mkononi alikuwa na kikombe kimoja cha udongo, kimepotea katika kiganja chake kama punje.

"Hivi ni vyako," akasema.

Nguchiro akakiri.

"Na mume wangu unamzunguka kama unavyozunguka chungu."

 Nguchiro aliona moyoni kivuko kikifungwa, akaona kona ya mto ikiwekewa mlinzi. Uongo ulikuja hadi kwenye ulimi, akaumeza. "Ndiyo, mama," akasema. "Namzunguka."

Mama Kiboko alimwuliza kwa nini asitoroke kama Kanga, akapumzika na usumbufu wote huu wa vyuo na walimu.

"Kwa sababu nimekula hapa miaka mitatu," Nguchiro akajibu. "Na bwana alimbeba mama yangu wakati maji yamejaa. Kazi yake siipendi, mama, lakini yeye simchukii. Nataka nikikutana naye njiani niweze kumwamkia bila kutazama chini."

Mama Kiboko alikigeuza kikombe huku na huku. Kisha akamwambia jambo ambalo Nguchiro hakuwahi kulijua. Kiboko alipokuwa mdogo, mto ulikauka miaka miwili. Ndugu zake wanne walikufa kwa njaa, yeye akabaki. Tangu siku hizo, chungu kikikaa kitupu hata kidogo, mwili humtetemeka. Ndiyo maana hushika wapishi kwa nguvu, na ndiyo maana hulalamika kabla ya kuonja: anaogopa kitakachokuwamo.

"Sifa za mwalimu zitampeleka mpaka mlangoni," akasema Mama Kiboko, "lakini mlangoni atakushika. Ukitaka aachie, mwonyeshe kwamba chungu hakitakuwa kitupu." Akamrudishia kikombe chake, akaondoka. Hakumwambia mumewe neno.

Siku ya sherehe ikafika. Kiboko alikuwa amealika majirani wote kuja kushuhudia chuo chake kikitoa mhitimu wa kwanza na kumfungulia mlango aende zake, na Tembo alipewa nafasi ya mbele kabisa ili aone vizuri. Mchana ule Nguchiro hakugusa mwiko. Alivaa nguo safi akakaa mlangoni kupokea wageni, na Nungunungu akaachiwa jiko peke yake. Kati ya wageni hakuna aliyelijua hilo, wala Kiboko. Kila kifuniko cha chungu kilipogonga, Nguchiro alitega masikio upande wa jikoni.

Chakula kililetwa. Kiboko alifungua kinywa kusema chumvi imezidi, lakini Tembo alishamwahi kuonja na kutikisa masikio kwa furaha, kwa hiyo ikambidi naye aonje kwanza. Alionja mara moja. Akaonja tena. Mbele ya wageni wote, Kiboko akasema kwamba tangu azaliwe hajala ugali uliosongwa vile, na asiyeamini anyooshe mkono wake sahanini.

Kisha akasimama kutoa hotuba. Alisema mengi. Alisema elimu ni mwanga na jiko ni mwanzo wa elimu. Alimtaja Nguchiro kama mtoto aliyemtoa mbali. Tembo aliitikia kwa kichwa. Nguchiro alikuwa tayari amepiga magoti kupokea ruhusa, na hapo Kiboko akamtazama, akatazama sahani iliyolambwa, na sauti ikambadilika.

"Na kwa kuwa ni mpishi bora kuliko wote," akasema, "nimeamua asiende popote. Atabaki hapa hapa awe mkuu wa chuo."

Wageni wakapiga makofi. Mama Kiboko hakupiga. Alimtazama Nguchiro tu.

Kama ni mimi, wanangu, ningelia. Nguchiro alibaki amepiga magoti, makofi yakimpita juu ya kichwa, mpaka yalipokoma. Kisha akainuka. Alimshukuru bwana mkubwa kwa cheo, akasema ni heshima asiyostahili. Ila kuna neno moja ambalo lazima aliseme, kwa sababu sifa ya mtu haifai kuvaliwa na mwingine.

"Chakula hiki sikukipika mimi," akasema. "Tangu asubuhi sijaingia jikoni. Aliyekipika ni Bi Nungunungu, na yuko pale."

Nungunungu akatokea mlangoni na kitambaa chake mgongoni, mikono imejaa unga.  Kiboko akamtazama Nungunungu, akatazama sahani, akamtazama Nguchiro. Angekanusha vipi? Sifa alizitoa mwenyewe, Tembo akizisikia kwa masikio yale makubwa.

Nguchiro akamsogelea hadi miguuni, akapunguza sauti ili asikike na yeye tu, na hapa, wanangu, werevu aliuweka kando.

"Chungu chako hakitakuwa kitupu, bwana," akamwambia. "Huyu anakipenda kuliko nilivyokipenda mimi. Mimi mikono yangu inataka udongo. Nimekaa nawe miaka mitatu, na ulimbeba mama yangu nilipokuwa sina wa kumbeba. Sitaki kuondoka kama walioondoka. Niruhusu niage."

Kiboko alivuta pumzi ndefu, mbavu zikapanda na kushuka. Ilikuwa kama vile mtu anashusha mzigo ambao ameubeba tangu utoto na hajui auweke wapi. Akamgeukia mkewe, akaona jinsi anavyojitahidi kutotabasamu. Hapo akaelewa yote kwa mara moja: maswali ya mezani, Tembo, chuo na mwanafunzi.

Wageni walijikunyata wakingoja ngurumo. Badala yake tumbo la Kiboko lilianza kutikisika, kisha mabega, kisha sahani zikarukaruka juu ya mikeka. Alikuwa anacheka.

"Nimeajiri wapishi wengi," akasema alipopata pumzi, "lakini huyu ndiye wa kwanza kunipika mimi mwenyewe."

Akasema mbele ya wote kwamba Nguchiro ameaga na ameagika. Akasema kona ya mto yenye udongo mwekundu ni yake kuchimba, wakati wowote, yeye na watoto wake. Halafu akasita, akakohoa, akageuza uso pembeni, na neno lililokuwa halijapata kupita kwenye kinywa kile likapita, kwa shida, kama mtoto anayejifunza kutembea. Asante, alimwambia.

Jua likiwa bado juu, Nguchiro alitoka kwa lango kubwa, mzigo wake mdogo kichwani. Nungunungu alilia na kumfungia ugali wa njiani. Kiboko mwenyewe alimvusha mto kwa mgongo wake.

Miaka ikapita. Vyungu vya Nguchiro vikawa vinatafutwa hadi ng'ambo ya vilima, maana havikupasuka motoni na maji ndani yake yalikuwa baridi. Siku za soko Kiboko alipenda kusimama karibu na kibanda chake, akisubiri mteja asifu kazi. Akisikia sifa tu, alisogea na kusema kwa sauti ya kutosha, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Ufinyanzi nilimfundisha mimi."

Hapo mteja alimgeukia Nguchiro kuuliza kama ni kweli. Na Nguchiro, ambaye Kiboko hakupata kumfundisha hata kushika tope, aliinamisha kichwa akaendelea kulainisha mdomo wa chungu.

"Kweli kabisa," alijibu. "Nilitokea kwake."

Nami nimewafikisha mwisho, na neno la kubeba nyumbani ni hili: jinsi unavyofunga mlango ukitoka ndivyo utakavyoukuta siku ya kurudi.